Shirazi ya Chupani na Washirazi wa Pwani



Kuna swali ninaloulizwa kila mara: wewe mtu wa Dodoma, kati ya divai nyekundu na nyeupe unapenda ipi? Jibu langu fupi. Kuanzia Mei mpaka Septemba napenda nyeupe, tena Chenin Blanc iliyolala kwenye friji usiku kucha. Desemba na Januari, hewa ya Dubai ikipoa na watu wakianza kutoa viti nje, napenda nyekundu, tena Shiraz. Ningeweza kuishia hapo. Lakini hiyo Shiraz ilinikosanisha na mzee mmoja ninayemheshimu sana, na kukosana huko ndiko kulikonifanya nisome upya historia niliyodhani naijua. Naomba niwasimulie nyote, wanaokunywa na wasiokunywa, maana jambo lenyewe si la ulevi, ni la majina.

Mzee mwenyewe ni jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtu wa Unguja, asili yake Tumbatu. Aliondoka Zanzibar kijana mdogo baada ya Mapinduzi ya 1964, akazunguka huku na huku mpaka akafika Ghuba. Hanywi na hajawahi kunywa. Jioni moja ya Desemba 2019 alikuja kunirudishia kitabu, na mimi kwa uzembe wangu chupa nilikuwa nimeiacha mezani. Kwa adabu zake hakusema kitu. Aliinama tu, akasoma karatasi ya chupa, akatabasamu.

"Mwanangu, hii Shiraz iliyoandikwa hapa ndiyo Shirazi yetu sisi?"

Nami, kwa ule ujuaji wetu sisi watu wa vyuo, nikamjibu: "Mzee wangu, hiyo ya chupa ni uongo wa wafanyabiashara, na hiyo ya kwenu ni uongo wa masultani. Zote mbili hazikutoka Shiraz."

Hakunijibu. Akamaliza kahawa yake, akasema "Haya, usiku mwema," akaondoka. Wanaoijua Mirdif wanajua ndege zinavyopita chini chini zikienda kutua. Ilipita moja wakati ule, hata mlango sikuusikia ukifungwa. Wiki tatu hakuja kwangu.

Sasa basi, tuanze na ladha, halafu tutafika kwenye ugomvi.

Juisi ya zabibu karibu zote haina rangi, hata za zabibu nyeusi. Rangi imo kwenye ganda. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na kokwa zake. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando, na maji yake peke yake ndiyo yanayochachuka. Maganda na kokwa ndivyo vinavyoleta ukakasi, ule ule wa bibo au ndizi mbichi, unaokausha ulimi. Nyeupe ukakasi wake ni kidogo. Yenyewe husimama kwa ugwadu, kama embe changa au maji ya ukwaju. Nadhani hapo mmeshaelewa kwa nini msimu unanibadilisha. Joto likifika digrii 45 kinywa tayari kimekauka, nani anataka kukikausha zaidi? Kinataka ugwadu na ubaridi. Usiku wa Januari, kukiwa na nyama ya mbuzi mkaani, ukakasi unapendeza kwa sababu unakata mafuta.

Shiraz ina jambo jingine: harufu ya pilipili manga. Si maneno ya waonjaji tu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba harufu hiyo inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Likumbukeni hilo neno, pilipili manga, nitalirudia.

Mimi ladha hizi nilizijulia nyumbani. Dodoma ni kukavu, jua kali, na mzabibu huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Wazungu wengi ukiwaambia hawaamini. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, na misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950 ndiyo inayotajwa zaidi. Baada ya uhuru serikali iliingia na kiwanda chake, DOWICO. Kilipokufa, wakulima wengi walibaki na zabibu bila pa kuziuza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja CETAWICO kule Hombolo, na wengine wakafuata. Zabibu zinazolimwa ni pamoja na Chenin Blanc, Syrah, ambayo ndiyo hiyo hiyo Shiraz, na nyekundu moja inayoitwa Makutupora, kwa jina la mahali penyewe kaskazini mwa mji. Waliopita JKT wanapajua Makutupora kwa sababu nyingine kabisa, lakini hayo tuyaache.

Lakini divai haikuanza kufika kwetu na wamisionari. Ile Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu biashara ya bahari hii, inataja bidhaa zilizopelekwa pwani yetu: mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemeni, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Halafu inasema kwamba sehemu fulani fulani walipeleka pia divai kidogo na ngano, si za kuuza, bali za kujipatia mapenzi ya wenyeji. Mwandishi huyo huyo anasema manahodha wa Kiarabu waliokuja Rhapta walikuwa wakijua lugha ya wenyeji na kuoana nao. Kwa hiyo mara ya kwanza pwani yetu kuandikwa kwa urefu, divai imo, na ndoa imo. Tena divai imekuja kama zawadi ya mgeni mlangoni.

Halafu tazameni maneno yetu wenyewe. Zabibu ni ya Kiarabu. Mvinyo ni vinho ya Mreno, iliyoingia njia moja na meza, bendera, gereza, na zile kopa na shupaza za kwenye karata. Divai ni du vin ya Mfaransa. Wamalagasi nao husema divay. Biblia ya Union ya mwaka 1952 ikichagua neno la arusi ya Kana, ikachukua divai. Kinywaji kimoja, tunda na majina yake yamekuja na mataifa matatu. Kila jina linatuambia nani aliyeteremka na mzigo. Halituambii mzabibu wenyewe ulichipuka wapi.

Hapo ndipo nirudi kwenye Shiraz ya chupani.

Mji wa Shiraz, Iran, ulikuwa na divai kweli, tena yenye sifa kubwa. Hafidh, mshairi wa mji huo wa karne ya 14, ameitaja mno, na wasomi mpaka leo wanabishana kama alikusudia kinywaji au mapenzi ya Mungu. Wasafiri wa Kifaransa wa karne ya 17, Tavernier na Chardin, waliisifu. Utengenezaji wake ulipigwa marufuku baada ya mapinduzi ya 1979. Kwa hiyo watu waliposikia kwamba kuna zabibu nyekundu ya bonde la mto Rhône, Ufaransa, inayoitwa Syrah, hadithi ikajitengeneza yenyewe: ati askari mmoja wa Msalaba, Gaspard de Stérimberg, alirudi na mche kutoka Uajemi katika karne ya 13, akaupanda juu ya kilima cha Hermitage. Mwaka 1832 James Busby alipeleka miche ya Ufaransa na Hispania nchini Australia, na huko zabibu hiyo ikaja kukaa na jina la Shiraz. Jina likauzwa dunia nzima, mpaka likafika mezani kwangu Mirdif.

Mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, pamoja na wenzao wa Montpellier, wakapima DNA ya mzabibu huo. Wazazi wakajulikana: Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa, moja nyeusi na moja nyeupe. Uajemi haumo. Huyu bwana hajapanda hata jahazi, kazaliwa na kukulia pale pale.

Na ile nyeupe yangu nayo ilishapotea jina. Mzabibu ulipandwa Cape mwaka 1655 katika siku za Jan van Riebeeck, na divai ya kwanza ikakamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Katika zabibu za Cape ikawepo moja iliyopendwa sana, wakiiita Steen, wakaiona kuwa ni ya kwao. Ilikuwa katika miaka ya 1960 ndipo wataalamu wa Stellenbosch walipothibitisha kwamba Steen ni Chenin Blanc ya mto Loire, Ufaransa. Mmoja alidai ukoo wa mbali kumbe ni mwenyeji, mwingine akaonwa mwenyeji kumbe ametoka mbali. Makutupora peke yake ndiyo haikudai ukoo wowote. Inataja shamba lake tu.

Basi mimi usiku ule, kwa kuwa niliijua habari ya mwaka 1998, nikaichukua hukumu ya mzabibu nikamtwisha jirani yangu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na nataka nilieleze vizuri, maana sikuwa peke yangu. Wengi wetu tuliosomeshwa historia miaka ile tulikuwa na jibu hilo hilo mfukoni.

Mnaijua hadithi. Tarekhe ya Kilwa, iliyomfikia Mreno João de Barros ikachapishwa 1552, na ambayo ina nakala ya Kiarabu pia, inasema sultani alitoka Shiraz na wanawe katika majahazi saba. Pwani nzima kuna koo zinazojiita Washirazi. Wakoloni waliipenda hadithi hiyo kwa sababu yao: iliwaruhusu kusema kwamba mawe ya Kilwa na Gedi yalijengwa na wageni, Mwafrika alibeba maji tu. Wanahistoria wa baada ya uhuru waliikataa, na walikuwa na haki. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, tena ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo. Uchimbaji wa Mark Horton kule Shanga ulionyesha mji ukikua taratibu kutoka vibanda vya miti na udongo, na msikiti mdogo wa miti kutoka karne ya 8, kabla ya ule wa mawe. Miji ilikuwa ya wenyeji. Basi tukahitimisha kwamba Ushirazi ni kilemba tu, watu wenye cheo walijivika ukoo wa mbali ili waheshimiwe.

Zanzibar neno hilo halikuwa la vitabuni tu. Mwaka 1957 ilizaliwa Afro-Shirazi, na mwaka 1959 wengine wakajitenga wakaunda ZPPP. Watu walipiga kura kwa jina hilo, na wengine waliuawa au kukimbia nchi katika siku zilizofuata. Kumwambia mzee aliyepita katika hayo kwamba jina la babu zake ni uongo wa masultani, tena ukiwa na glasi mkononi, hapana. Nimeshasema nilikosa.

Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa DNA ya kale ya watu wa pwani. Walipimwa watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, na mji mmoja wa ndani zaidi. Matokeo yake nimeyasoma mara nne. Wengi wao zaidi ya nusu ya damu yao ni ya Afrika, na imetoka hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, na katika hiyo asilimia 80 mpaka 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, wakati ule ule Uislamu ulipoenea miji hii. Baada ya 1500 ndipo damu ya Bara Arabu ikazidi.

Jamani, tusiruke sasa tukasema wakoloni walikuwa sahihi. Hawakuwa. Waliozikwa kwenye makaburi yale wengi ni wenye uwezo, si watu wote wa pwani. Mama ni Waafrika, lugha ni ya mama, miji ilikuwepo kabla. Na DNA inasema Uajemi, haisemi mtaa gani wa Shiraz. Lakini lile neno letu "uongo", hilo haliwezi kusimama tena.

Kama si uongo, basi jina Shirazi lilikuwa linasema nini? Hapa ndipo pilipili manga inaponisaidia. Manga ni Uarabuni, Maskati na huko. Lakini pilipili hiyo haikui Maskati, ni ya Malabar, India. Waswahili waliiita ya Manga kwa kuwa ililetwa na majahazi ya Manga. Mahindi yanaitwa ya Kihindi, na mmea wenyewe umetoka Amerika. Amerikani, ile nguo ya babu zetu, kwanza ilitoka kweli Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts. Baadaye ikafumwa Bombay na bado ikaitwa amerikani. Kumbe kwetu jina la asili mara nyingi ni jina la njia. Linataja bandari, au mji mkubwa wenye sifa nyuma ya bandari.

Na bandari ilikuwepo. Siraf, upande wa Iran wa Ghuba hii hii, ilikuwa mlango wa Shiraz baharini. Mas'udi, aliyesafiri kwenda Qanbalu mwanzoni mwa karne ya 10, anasema alisafiri na wenye vyombo wa Siraf. Vyungu na vioo vya Ghuba vimefukuliwa Manda na Shanga. Mtu wa Siraf akiulizwa kwao Pemba au Kilwa, atajaje mji ambao hakuna aliyeusikia? Atataja Shiraz. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Mimi nikiulizwa Dubai kwetu ni wapi, mara nyingi nasema Dar es Salaam, kwa sababu nikisema Hombolo maongezi yanakufa.

Hata Dubai yenyewe ina ushahidi. Nendeni Al Fahidi, pale kwenye nyumba zenye minara ya upepo. Zamani mtaa uliitwa Bastakiya, kwa sababu ya wafanyabiashara waliohama kutoka Bastak, kusini mwa Iran, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Wajukuu zao leo ni Waarabu wa Imarati, lugha Kiarabu, na jina la ukoo bado Bastaki. Hakuna anayewaambia ni uongo. Miaka mia moja tu imepita, ndiyo maana. Ikipita elfu, atatokea msomi mwenye ujuaji kama mimi.

Basi nilipousoma utafiti ule niliuchapa, nikatembea nyumba tatu, nikabisha hodi. Tulishakuwa tunasalimiana muda mrefu, lakini suala lile hatukuwahi kuligusa. Nikamwomba radhi kwanza, halafu nikampa karatasi. Alivaa miwani, akaniambia nimsomee mwenyewe kwa Kiswahili. Nikasoma. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Na mama zetu?"

"Mama zenu Waafrika, mzee. Wa pale pale."

Akacheka sana. "Bibi yangu alikuwa akisema, baba alikuja na chombo, mama alikuwa na nyumba. Hakupima damu ya mtu." Halafu, akinikunjia ile karatasi: "Na yule wa chupani?"

"Yule Mfaransa tupu, mzee."

"Basi mwambieni aturudishie jina letu."

Sijapata wa kumwambia. Bado nainywa Januari, bado inanukia pilipili manga, na jina nimelizoea. Ila siku hizi mzee akija, chupa inakuwa kabatini na kahawa inakuwa jikoni mapema. Na mwanafunzi akiniuliza habari ya Washirazi simpi tena lile jibu la haraka. Namwambia kila jina la asili liulizwe peke yake: lilitoka kwa nani, lilipita bandari gani, nani alinufaika nalo, na mama wa watu hao walikuwa nani. Jina moja likionekana la uongo, la jirani yake usilihukumu kwa hilo.

Hayo ndiyo yangu. Nyeupe wakati wa joto, nyekundu wakati wa baridi, na ikipatikana Makutupora ya nyumbani, naichagua hiyo kabla ya zote. Wenzangu mlioko Muscat, London, Leiden na kwingineko, nanyi semeni mnapenda ipi na kwa nini. Na mwenye hadithi ya ukoo wake iliyowahi kuchekwa na wasomi, tafadhali ailete, safari hii nitasikiliza kwanza.

Nawasilisha.